Usukani Uliolia na Mtani Niliyemcheka

Jamani, mie nilishaapa nisiyaseme haya, maana aliyejitia aibu kwa mkono wake hana wa kumlalamikia, lakini kwa kuwa nyote mnajua nusu ya kisa, na hiyo nusu mmeitia chumvi, bora mkisikie kwangu mwenyewe.

Zilikuwa siku za Mwingereza, nami nikiendesha motokaa ya Bwana Rajabali, Mhindi muuza vitambaa, na dereva enzi hizo alikuwa mtu (kofia nyeupe, viatu vinang'aa, Temeke nzima inakupisha njia). Dada yangu Zuhura, mjane, alikuwa anamwoza binti yake Mwajuma kwa watu wa Kinondoni wenye maneno mengi, waliokwisha kusema kwamba bibi harusi ataletwa kwa miguu na tenga la kuku kichwani. Dada akanililia, "Kaka, mwanangu asiingie ukweni kwa kudharauliwa." Nikamwomba tajiri motokaa siku moja, akanipa. Basi heshima ya mtoto yule ikawa juu yangu, nami nilikuwa na usukani unaolia.

Ulikuwa unalia kila nikikata kona, kwiii, kisha kama kitu kinagonga chini. Jirani yangu Maganga, Mnyamwezi, fundi wa magari, aliusikia akiwa barazani kwake, akasema, "We Mzaramo, fundo la chini huko, pale fimbo ya usukani inaposhikana na gurudumu, limelika. Lifungue, la sivyo utazikwa na usukani mkononi, na pilau ya matanga yako nitakula mimi." Sasa niambieni, mtani wako akikwambia hivyo utafanyaje? Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu, kazi yetu kutukanana na kucheka. Nikamjibu, "Nyie mlifika pwani mmebeba pembe kichwani, leo unifundishe mie motokaa?" Baraza zima likaangua kicheko, na mie (huu ndio uamuzi wenyewe, mdogo, wa kijinga) nikachukua kopo la mafuta ya nazi jikoni kwa mke wangu, nikamimina kule chini, kelele ikanyamaza, nikajiita fundi.

Siku ya harusi, alasiri, bibi harusi kaketi nyuma na shangazi zake wawili, buibui jipya, asumini kichwani, vigelegele, mara Maganga huyo, kalala chali mbele ya magurudumu, spana mkononi. "Haondoki mtu hapa! Nipeni dakika kumi niingie chini ya jeneza hili!" Watu mbavu hawana, maana mtani kumzuia bibi harusi ndiyo desturi, hupewa kitu akapisha. Dada akamtupia shilingi. Akasema hataki shilingi, anataka dakika kumi, watu wakazidi kucheka. Vijana wakamvuta miguu, na alipopitishwa dirishani kwangu akaniambia taratibu, "Saidi, kweli." Tangu tujuane hajawahi kuniita jina langu. Nilimsikia, wallahi nilimsikia, na bado nikaondoa gari, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na kofia ilikuwa imenikaa vizuri.

Kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi nikakata kona, usukani ukazunguka bure mikononi mwangu, na gari likaenda lilikotaka, ndani ya shamba la mpunga. Hakufa mtu. Lakini tope lilifika magotini, milango ikagoma, ikabidi tutolewe dirishani mmoja mmoja, na waliotukimbilia wa kwanza ni nani? Wakwe, waliotoka Kinondoni kutupokea njiani na ngoma zao. Ngoma ikanyamaza. Mama mkwe akamtazama Mwajuma, tope mpaka kwenye asumini, akasema, "Kumbe wa kwa miguu angekuwa nafuu." Mwajuma akaingia ukweni peku, analia, na hadi leo, ana wajukuu, mtaa ule wanamwita Bi Matope.

Maganga alitufuata kwa baiskeli. Akajipenyeza chini ya gari, akatoka na lile fundo, limelika, nati haipo. Nikamwambia, "Nitukane basi, mtani." Nilitaka anitukane, roho yangu ingepoa. Akalifuta tope, akaniwekea kiganjani, akapanda baiskeli yake.

Kazi kwa tajiri iliisha kesho yake, na hilo nilistahili. Linaloniuma ni jingine. Mama yangu alipofariki, watani walikuja na vituko vyao kama ilivyo ada, huyu anashuka kaburini kulala, yule anadai sanda ni yake, watu wanacheka huku wanalia, lakini Maganga alikaa mkekani kimya, akatoa mkono wa pole, akaaga kama mgeni. Mie sasa mtani akiniambia nyumba yangu inaungua, nakimbilia maji kwanza, nitacheka baadaye. Ila Maganga hata ikiungua kweli, sidhani kama ataniambia.