Kitabu cha Batalioni Nilichodai Nimekisoma

Chekeni tu, maana mimi mwenyewe najidharau hadi leo. Miaka ile huku Texas, kuanzia DeSoto hadi Alief, hakukuwa na harusi ya Wakenya bila mimi kushika maikrofoni, na siku za kazi nilikuwa mji wa Richardson kwa Mzee Walter, Mkanada wa miaka themanini na kitu, namuogesha, nampa dawa, nam-drive kliniki.

Mzee alikuwa ameandika historia ya batalioni yake ya vita vya Hitler, kitabu kinene hivi. Akanipa nakala. "Peter, kisome, halafu siku ya uzinduzi unisomee orodha ya majina iliyo mwishoni. Sauti yangu haitoshi, na nataka isikike hata mara moja kabla sijaenda."

Baada ya wiki tatu akaniuliza nimefika wapi. "Nimemaliza, Mzee, ni moto!" (Nilikuwa nimekitumia kuinulia tivi.)

Siku ikafika, ukumbi wa kanisa, mimi na suti yangu ya harusini, wazee wenye medali mbele, binti yake Ellen na kamera. Nikafungua ile orodha, nikaona vyeo na majina, nikajua (nilijua nini, bure kabisa!) hawa ndio wageni wa heshima, na kwenye sherehe zetu mgeni akitajwa husimama akapunga mkono. Nikanguruma, "Koplo Percy, simama tukuone!" Hakuna aliyesimama. "Msione haya! Sajenti Arthur yuko wapi? Makofi jameni!" Nikapiga peke yangu. Ellen akafunika uso. Mzee mmoja wa mbele akasema polepole, "Kijana, Arthur tulimzika Italia."

Aki niliomba ardhi ipasuke. Kumwangalia Mzee Walter, ameshika fremu yake ya kutembelea, anasimama, mtu ambaye kila asubuhi namwinua mimi.

"Hukusoma hata ukurasa mmoja," akasema. "Sasa endelea. Nitawasimamia mimi."

Nikasoma majina yote, miguu yake ikitetemeka, na kila nikiharakisha ananikatiza, "Polepole."

Jioni nikamvua viatu, nikamlaza. Nilipofika kwangu nikakitoa kitabu chini ya tivi, nikaanza mwanzo. Kumbe Walter alipopigwa risasi, Arthur ndiye aliyembeba mgongoni, kisha akarudi kumchukua Percy, na hawakuonekana tena wakiwa hai. Maikrofoni ya harusi niliwaachia wengine, na siku hizi mkiniuliza kama nimesoma kitu na sijasoma, nasema sijasoma, mniite mjinga mkitaka.