Oili Chafu Kwenye Barafu

Jumanne, kwenye ofisi inayoajiri walinzi mtaa wa Malvern, huku ughaibuni, Mtanzania mmoja wa Tanga aliniomba nimjazie fomu kwa Kiingereza. Palipoulizwa kwa nini aliacha kazi ya mwisho, akasema, "Andika nilifukuzwa melini. Tulikuwa bahari za kaskazini, kwenye barafu, nikakataa kumwaga oili chafu majini."

"Kaka, watakuona mkorofi," nikamwambia. "Tuandike mkataba uliisha."

Akaichukua kalamu mkononi mwangu, taratibu. "Kule hakukuwa na wa kuniona, na sikumwaga. Nije kudanganya hapa, mbele yako?"

Akaandika mwenyewe, herufi moja moja, Kiingereza cha kubahatisha. Mimi, ninayewahubiria ukweli kila wiki kwenye safu hii ya gazeti, nikajifanya nasoma simu.