Gearbox ya tractor yetu ilianza kuongeza mafuta yenyewe, tukapiga makofi kanisani

Wakuu, hamjambo wote, na akina mama wenzangu kama mko humu.

Hii kitu ilitokea kwetu, upande wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Sijaongeza chumvi hata kidogo. Wenye wananijua watacheka, lakini naomba wasinitaje jina.

Tuko na tractor mzee. Baba mkwe alinunua kwa mzungu fulani wakati walikuwa wanauza vitu wakirudi kwao baada ya uhuru. Siku hizi inaendeshwa na shemeji yangu, Baba Njeri, ndugu ya mzee wangu. Mzee mwenyewe anafanya kazi Nanyuki, kwa hivyo maneno ya shamba ni mimi na shemeji.

Tractor inalala nje. Shed ilipewa ng'ombe ya grade, ile ya maziwa mengi.

Ng'ombe ikikohoa tunaita daktari. Tractor ikikohoa inapigwa teke.

Sasa, kwa wale hawajui: tractor kama hii yetu, mafuta ya gearbox ndiyo hiyo hiyo inainua lift, ile ya kubeba plau. Mafuta ikiharibika, gear zinaisha na lift inakufa. Na spare utaokotea kwa maiti ya tractor ingine.

Mvua ya masika ilikuwa imeanza. Mbegu ya viazi ilikuwa imetoa macho kwa store, inanitazama tu. Tractor ikilala, hakuna viazi. Na sisi hatuna kitu ingine ya kuuza.

Basi Jumapili moja shemeji akasimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe! Wapendwa, tangu mwaka jana sijaongeza mafuta kwa gearbox. Nikipima, haipungui. Na juzi nimepata imepanda!"

Kanisa ikalipuka. Amen, haleluya, vigelegele. Mimi pia nilipiga makofi, mikono ilitangulia akili.

Lakini nikikaa chini nikaanza kujiuliza. Nampenda Mungu wangu na sijawahi lala bila kuomba. Lakini mafuta haizai. Hata ng'ombe haizai bila dume.

Tukifika nyumbani nikaenda moja kwa moja kwa tractor, na nguo za kanisa. Nikachomoa dipstick, ile chuma ya kupima mafuta, nikapanguza, nikarudisha, nikachomoa tena.

Mafuta ilikuwa imepita alama ya juu. Na rangi, wee! Mafuta mzuri inafanana na asali. Hii ilikuwa chai ya matanga, ile ya maji mengi na maziwa ya kuhesabu.

Nikaangalia gear lever pale chini inapoingia kwa gearbox. Ile mpira ya kufunika shimo ilikuwa imepasuka, shemeji akaifunga na karatasi ya mkate. Karatasi nayo ilikuwa imechoka. Mvua yote ya mlima ilikuwa inaingia hapo kama mgeni amealikwa.

Nikamwambia shemeji ni maji.

"Wewe mama, hiyo ni povu tu. Mafuta ya siku hizi iko hivyo."

"Povu ya kupanda mpaka juu?"

"Wewe kazi yako ni imani haba."

Kesho yake asubuhi pastor alikuwa anakuja kubariki hiyo tractor, halafu ianze kulima shamba ya kanisa, ndio ije kwetu. Nikaona hii kitu itavunjika ikiwa na baraka na kila kitu.

Mimi nilisoma gumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima. Kuna kitu sijasahau: maji na mafuta ikiachwa itulie, maji inaenda chini. Na tractor ilikuwa haijawashwa tangu Jumamosi.

Pastor akafika, Bible kwapani. Nikamngoja na spana na karai.

"Pastor, kabla ya maombi nifungue drain plug kidogo, ile nati ya chini ya kumwaga mafuta."

Shemeji akaruka. "Ati nini? Unataka kumwaga muujiza?"

"Baba Njeri, kama ni muujiza itabaki. Kama ni maji itatoka."

Akamwangalia pastor amtetee. Pastor akakuna kichwa, akasema, "Wacha afungue. Mungu haogopi spana."

Nikalala chini, nikazungusha.

Wakuu, ilitoka maji. Maji ya gutter, chafu, baridi. Karai ikajaa, tukaleta ndoo. Halafu ndio chai ikafuata, nzito.

Pastor akainama, akaangalia, akasema polepole, "Hii imebatizwa. Tena ya kuzamishwa."

Shemeji alikaa kwa tyre. Nikapitisha vidole kwa ile chai nikitafuta meno ya gear imevunjika. Hakuna, ni vumbi ya chuma kidogo tu. Hapo ndio nililia, na sio ya huzuni.

Tukatia diesel ya kuosha ndani, tukaizungusha polepole kwa boma bila mzigo, tukamwaga tena. Halafu mafuta mpya ya transmission. Kwa gear lever nikakata tube ya lori, nikakaza na waya. Ng'ombe ikatoka nusu ya shed, tractor ikaingia.

Viazi zilipandwa. Na Jumapili iliyofuata shemeji akasimama tena: "Wapendwa, yale makofi mlinipigia, naomba mrudishiwe." Wamama wa mbele walicheka mpaka ibada ikasimama.

Somo nililopata: pima mafuta asubuhi kabla ya kuwasha, tractor ikiwa mahali tambarare. Usiangalie tu imefika wapi, angalia rangi. Ikipungua, kuna mahali inatoka. Ikiongezeka, kuna kitu inaingia.

Sasa nisaidieni. Tangu tuweke mafuta safi, seal ya axle ya nyuma imeanza kulia machozi upande wa kulia. Mwenye amewahi kuifungua mwenyewe aniambie naanzia wapi.

Na tafadhali msiniandikie ati niombe. Nimeshaomba. Sasa nataka kujua ni spana namba ngapi.