Ufa Alioziba Mume Wangu

Mume wangu ni fundi mwashi, na hawezi kuona ufa akatulia. Ukuta wa kuzuia maji kule mtoni ulikuwa ukivuja miaka nenda miaka rudi. Mwaka jana akauziba kwa saruji yake mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Ukakauka kau. Watu wakamsifu, na sifa zikamlevya.

Mwaka huu mto ukaharibika upande wa juu wa ukuta. Mawe yakaota ukoga mzito, maji yakanuka, samaki wakubwa wakaadimika. Kamati ya mto ikasema kuna mtu anatia sumu. Nani? Huko juu mvuvi ni mmoja tu, kaka yangu. Akapewa mpaka Ijumaa ajitetee, la sivyo anyang'anywe nyavu na asikanyage mtoni tena.

"Shemeji simwamini," mume wangu akasema. "Kimya kingi kina mshindo."

Mume wangu huyo hushuku hata kivuli chake, kwa hiyo nilimkemea. Lakini neno lake likanikaa. Mbona siku hizi kaka anafunga madirisha mchana? Mbona nikimuuliza habari za mto anajibu "tutaona" basi? Jumatano alipotoka, nikaingia chumbani kwake. Ufunguo ninao, alinipa mwenyewe tangu wifi yangu alipofariki. Nikainua godoro. Nikafungua chupa mojamoja nikanusa: mafuta ya taa, dawa ya kikohozi, mafuta ya nywele ya marehemu. Kugeuka, yuko mlangoni.

"Umeipata?" akaniuliza.

Nikatoka na aibu zangu. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa najiambia: labda ameificha kwingine.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kufua chini ya ukuta, nikakuta maji meusi. Kumbe ni visamaki, hawazidi ukucha, maelfu kwa maelfu, wamesongamana penye ukuta mkavu na ndege wanajilia tu. Nawajua hao. Majira haya hutoka baharini, hukwea ukuta kwa kujibandika matumbo pale penye unyevu. Wakifika juu hukua wakikwangua ukoga kwenye mawe, na samaki wakubwa wa huko juu huja kuwala. Sasa unyevu uko wapi?

Nilimwita mume wangu. Kwanza akabisha: mara sumu imewalevya, mara ndege wamewatisha. Kisha akachuchumaa akaitazama kazi yake.

"Sumu yenyewe ni mimi," akasema, akaenda kuchukua patasi na nyundo.

Maji yalipoanza kutiririka ukutani, mmoja akajibandika, akapanda. Ijumaa mume wangu akayasema yote mbele ya kamati, na kaka akabaki na nyavu zake.

Jioni nikaenda kumwomba radhi. Hakunifukuza. Akanitolea kigoda uani, akaniuliza hali za watoto, tukazungumza vizuri tu. Nilipoinuka niingie ndani ninywe maji, akaniambia nikae, ataniletea. Akaingia, akarudisha mlango, nikasikia komeo.