Matimba ya Msalaba

Ijumaa Kuu moja ya miaka ya tisini, huko machimboni Kahama, tulifanya Njia ya Msalaba kati ya mashimo ya dhahabu. Msalaba ulitengenezwa kwa matimba, zile nguzo zinazozuia udongo usiporomoke shimoni. Mwenye shimo ndiye aliyeyatoa, na katekista akamshukuru mbele ya watu. Matimba hayohayo alikuwa amewanyima wachimbaji wake, shimo likamfukia kaka yangu, na mwenye shimo akakataa tumfukue, eti kazi itasimama.

Tulipofika kituo cha kumi na tatu, Yesu anaposhushwa msalabani na kupakatwa na mama yake, mnafiki yule alilia kwa kwikwi. Mama yangu hakutoa chozi.

“Huyo Maria mwenzangu,” akaniambia, “angalau alipewa maiti.”