Vitenge Vitatu vya Mama Justa

Kunapambazuka katika machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu. Nyuma ya kibanda chake cha mabati, Euphrasia anajifunga kitenge cha kwanza kiunoni, anakaza. Anafunga cha pili juu yake, kisha cha tatu, halafu anavaa gauni lake pana la maua. Mdogo wake, Klara, anamzunguka na kumkagua kama fundi cherehani.

"Kushoto kumebonyea," Klara ananong'ona.

Euphrasia anavuta kitambaa, anajaza pengo, kisha anatoka kuwagawia uji wachimbaji wanaosubiri kushuka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu.

"Mwangaluka, mayu!" Januari, Msukuma wa Kishapu, anamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, baba. Leo umekuja na njaa au na maneno?"

"Vyote, mayu. Anza na njaa."

Benchi zima linacheka. Euphrasia anainama, anashika sufuria kwa mikono miwili na kuinua. Fundo linafyatuka. Kitenge cha tatu kinateleza chini ya gauni na kuangukia miguuni pake. Cha pili kinafuata.

Hakuna anayekunywa uji.

Marwa, kijana kutoka Tarime, anavitazama vile vitenge. "Mama Justa, mwili umehama ukaacha mizigo?"

Mmoja anacheka peke yake.

"Alikuwa amefunga," Klara anawahi kujibu. "Kwaresima."

"Kwaresima gani hiyo isiyofika Pasaka?" Marwa anauliza. " Huu ni mwezi wa sita, dada."

Miezi minane iliyopita, Euphrasia, mwenye umri wa miaka 38, alikuwa na kilo mia moja na kumi na mbili. Hapa machimboni, unene wake ndio uliokuwa kibao cha biashara. Mumewe, Donatus, alikonda hadi akafariki mwaka 1995, miaka mitatu iliyopita. Watu wakamtazama mjane, wakaona alivyonona, wakasema huyu hakukanyaga miwaya, hana Ukimwi. Wakaendelea kula kwake, na sahani sitini kwa siku zikamweka binti yake Justa shuleni.

Kumbe alikuwa ameikanyaga. Aliambiwa katika hospitali moja ya misheni alikopeleka ngiri ya kitovu, uvimbe unaotokeza tumboni na kumuuma hadi machozi kila anapoinua sufuria. Walipima damu ili wamwandae kwa upasuaji, wakakuta virusi. Alidhani atarudishwa nyumbani akafie huko.

"Daktari akaniambia, 'Mama, dawa ya virusi hatuna, lakini ngiri tunaiweza. Kinachonizuia ni mafuta. Shuka hadi kilo tisini nikupasue. Utumbo ukinyongwa humo kabla hatujakuwahi, hutafika hapa ukiwa hai,'" anasimulia. "Nikamuuliza, wenzangu wenye virusi mnawahimiza wale, mimi mnaninyima? Alicheka. Mimi sikucheka."

Basi akaanza kazi mbili kwa pamoja: kupungua, na kuficha kwamba anapungua. Anaunga nyama asiyoionja. Yeye hula mchicha na kipande cha muhogo, nyuma ya kibanda, asionekane. Kila mwili ulipopungua, nguo iliingia mahali pake.

Hofu yake ina jina. Mama Rebeka aliuza chapati kibanda cha pili, akakondeshwa na kisukari, wateja wakasema ni miwaya. "Walimpita kama kaburi," anasema Euphrasia. "Siku anaondoka, kikaango chake kilikuwa kwenye gunia. Hakuna aliyemuuliza anaumwa nini."

Klara sasa amepiga magoti, anaokota vitenge vumbini. Euphrasia anamshika bega.

"Viache, mdogo wangu."

Gauni limemlegea kama hema lililong'olewa nguzo. Wanaume wawili wameshaweka vikombe chini na kuondoka bila kuaga. Januari anatazama viatu vyake.

"Marwa, si Kwaresima," Euphrasia anasema. "Nina virusi. Nilikuwa navyo nilipokuwa nimenona, mkila kwa mkono huuhuu na kuniita mayu. Uji hauambukizi, na haukuwahi kumwambukiza yeyote kati yenu. Huku kukonda nimekutafuta mwenyewe, kwa njaa, ili nipasuliwe ngiri. Zimebaki kilo mbili. Zikiisha naenda kulazwa, Klara atawapikia. Nikirudi, nitawagawia uji nikiwa na kitenge kimoja."

Mtu wa tatu anainuka, na mbao za benchi zinatoa mlio. Marwa ameshikilia kikombe chake. Hajanywa, wala hajakiweka chini.

"Na nisiporudi," Euphrasia anasema, "msiseme miwaya. Semeni Mama Justa alikwenda kupasuliwa ngiri, kwa sababu alitaka kuishi."