Mkebe Ulionukia Waridi

Mama yangu alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, na adabu yake ilikuwa karibu ituponze. Mwaka niliomzaa mwanangu wa kwanza, kwetu Langoni, mama alikuwa akikohoa tangu nina mimba. Hospitali wakasema asimpakate mjukuu mpaka kijulikane kikohozi hicho ni cha nini. Mtu ameshashona kofia za mtoto za mwaka mzima, leo aambiwe akae mbali! Nilimwonea huruma mpaka maziwa yakanikatika.

Zamani makohozi yalipelekwa Mombasa, jibu likaja likipenda. Sasa tulikuwa na hadubini yetu. Bwana wa maabara huyapaka makohozi kiooni, huyatia rangi nyekundu na kuyapasha moto kwa taa ya spiriti, huyaosha, kisha huchungulia. Vidudu vya kifua kikuu hubaki vyekundu. Asubuhi wapeleka mkebe, alasiri wajua lako.

Mama akapeleka mkebe wake umefunikwa kitambaa cha kutarizi, utadhani ni halua. Alasiri nikafuata jibu. Badala ya jibu, bwana wa maabara akaufungua mkebe mbele yangu, akanusa, akaniuliza kwa upole, "Bi, mama ameleta makohozi au ametualika harusini?"

Nikarudi nyumbani nimefura. Mama hakuficha kitu. Alisukutua kwanza, akatema mate kidogo, akayamiminia marashi ya waridi kutoka kwenye mrashi wake wa fedha.

"Mwanamume wa watu nimpe kitu chanuka?" akasema. "Hata ndiani nisingepita nacho."

"Mama, yule anatafuta ugonjwa, hatafuti mke."

Alicheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi kikanikata kicheko mimi.

Kesho yake nilisimama mlangoni pake kama askari, mrashi nimeuficha. Kabla ya kusukutua, kabla ya kutawadha, akakohoa kutoka ndani kabisa, amefumba macho kwa haya. Alasiri ile ile jibu likatoka. Vidudu vimo.

Akahamia chumba cha juu, akaanza sindano. Sindano hakuzilalamikia, alilalamikia mrashi. Nikamrudishia. Basi kila asubuhi akawa anauteremsha uani kwa kamba, na kuniita, "Mtie mwanao nguoni." Nikamtia, huku nanung'unika kwamba mtoto wa kiume atanuka kama bibi harusi.

Mwanangu alikuwa ameshaanza kutambaa mkebe wa mama uliporudi safi, na mwingine baada yake. Mama akashuka ngazi mikono iko nyuma, kama mgeni. Nilikuwa na hofu. Mtoto yule alimlilia kila asiyemzoea, hata shangazi zake. Akamtazama bibi yake kitambo, akatambaa mpaka miguuni pake, akauzika uso kwenye leso yake yenye harufu ya waridi. Kisha akanyoosha mikono abebwe.

Mama akambeba. Mtoto alitulia, aliyelia ni mama.